Ngata ya Baba

Nadine aliponiazima hema lake alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada Akimana, weye unaenda vakansi porini peke yako? Kama muzungu?" Nilimwacha acheke. Nadine ni Mkongo, tunafanya naye kazi kwenye bustani za mboga za kambi ya Nyarugusu, mimi nikiwa afisa ugani na yeye mhamasishaji, na moyo wake ni mzuri. Ningemwambia ukweli ningelia palepale katikati ya matuta ya mchicha, na mimi kulia mbele za watu siwezi. Nikafunga hema nyuma ya pikipiki, nikaning'iniza dumu la maji la lita ishirini upande mmoja na kidumu cha petroli upande wa pili, nikaondoka kwenda kumtafuta baba yangu.

Baba mdogo Fidele alikuwa amenipigia simu asubuhi ile kutoka Murungu. Baba aliingia makorongoni siku kumi na moja nyuma kufyeka njia za moto kuzunguka mizinga yake ya nyuki. Alipaswa kurudi siku ya nane. Siku ya sita moto wa kiangazi ulipita huko, ukaunguza kila kitu kwa siku mbili. Fidele aliyasema hayo yote kwa sauti ya kusoma tangazo kanisani, na hilo ndilo lililonitia hasira kabla hata hofu haijafika.

Tena nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa kuliko wengine. Mwezi wa saba mimi na baba tuligombana. Nilimtaka aje akae kwangu Kasulu, chumba kipo, bomba lipo uani, zahanati iko jirani. Akasema nyuki wake hawajaomba kuhamia Kasulu. Nami kwa hasira zangu, ambazo nimezirithi kwake mwenyewe, nikamwambia: "Ukifia huko porini, mimi sitakuja kukutafuta." Alichukua kofia yake msumarini akatoka, na tangu siku hiyo hatukuwa tumezungumza.

Nililala Kibondo, na asubuhi na mapema nilikuwa Murungu. Fidele na wanaume wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, miguu imejaa majivu mpaka magotini. Walikuwa wametafuta kwa siku mbili. Sikatai, walitafuta.

"Mwananje, kaa kwanza," Fidele alisema. "Kule ni majivu matupu. Hata nyayo hakuna. Sisi tumezungumza, tumeona tupange mambo. Wewe ndiye mtoto wake mkubwa. Wewe ndiye wa kwenda kushusha ngata."

"Baba mdogo," nikamwambia, "ukitaka kumzika kaka yako, anza kwa kumleta."

Nikaipiga pikipiki kiki. Nilisikia mmoja wao akisema kwamba mtoto wa Kipriani ni Kipriani mwenyewe. Kipriani ndiye baba, na hakusema kwa kunisifu.

Sasa nieleze habari ya ngata, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokifanya. Mashariki ya Murungu, ukishaacha mashamba ya mihogo, ardhi inapasuka. Ni makorongo, moja baada ya jingine, kuta za mawe mekundu na chini mchanga. Masika yanapitisha maji ya kubeba magogo. Mwezi wa tisa hakuna tone, na jiwe la kwenye jua huwezi kulishika. Wafuga nyuki wa huko hufukia mtungi mpaka shingoni, kwenye kivuli chini ya ukuta wa korongo, wakaujaza mvua zikiwa zinaishia na kuufunika kwa jiwe bapa. Baba huufukiza mtungi kwa moshi wa mizizi kabla ya kuujaza, ili maji yasioze. Kwa hiyo maji yake yana ladha ya moshi, na tangu utotoni sijayanywa ya namna hiyo mahali pengine.

Juu, pale njia inapoanza kushuka, panatundikwa ngata kwenye kisiki cha tawi. Ni ngata hii hii ya kubebea mzigo kichwani, ila inasokotwa kwa gome la mti. Ukiiona, ujue chini kuna maji. Kunywa, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukiyamaliza, ukipanda unaishusha ngata, ili mwenye kiu anayekuja nyuma yako asishuke bure. Kushuka ni nusu saa. Kupanda, kwa mtu aliyekosa maji, ni habari nyingine.

Na kuna sheria ya pili. Mwenye mtungi akifa, ni mtoto wake wa kumzaa anayezunguka makorongo yote na kuzishusha ngata zake kwa mkono wake, na hivyo ndivyo wafuga nyuki wenzake wanavyojua kwamba amekwenda. Mgeni akiishusha ngata, maji yamekwisha. Mtoto akiishusha, amemzika baba yake. Tulikatazwa hata kuzichezea tukiwa wadogo. Siku moja niliigusa moja kwa fimbo, mama akanichapa mpaka kwa Fidele wakasikia.

Korongo la kwanza nililikuta kama Fidele alivyosema. Mti mkubwa ulioungua ulikuwa umeangukia mtungi ukaupasua vipande vitatu. Nilisimamisha hema la Nadine kwenye mchanga, kitu cha rangi ya bluu chenye madirisha ya wavu, cha mtu anayetaka kutazama nyota kwa starehe. Sikutazama nyota. Nilikaa mlangoni nikiita "Baba" kila baada ya muda, na kuta zikinirudishia.

Siku ya pili nilipanda kwenda korongo la Mwogo, na njiani nikafanya ujinga. Nilikuwa nakimbiza pikipiki kwenye kokoto za mteremko huku nikitazama pembeni kama nitaona kofia yake. Tairi la mbele likateleza. Mimi nilichubuka tu, lakini dumu lilidondokea jiwe likapasuka ubavuni. Nilipojiinua maji yalikuwa yanaingia mchangani kwa haraka ya kutukana. Nililiinua, nikalilaza kifudifudi, nikaokoa kama glasi mbili. Nikaketi hapo nikajitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, na nilipomaliza nikatambua kwamba niko peke yangu, simu haina mtandao, jua liko utosini, na sasa tuko wawili wenye kiu makorongoni.

Kisha nikaiona ngata.

Ilikuwa pale pale inapokaa siku zote, kwenye mwinamo wa njia ya Mwogo. Moto ulikuwa umekuja mpaka hatua ishirini tu ukakata roho, kwa sababu mtu alikuwa amefyeka njia safi ya mapana ya nyumba. Vishina vilivyokatwa vilikuwa bado vyeupe. Alikuwa amefika hapa! Kabla ya moto alikuwa hapa akifanya kazi. Niliruka kama mwendawazimu, nikashuka korongo mbiombio nikiita.

Chini hapakuwa na mtu. Kitanda chake cha fito kilikuwa tupu, jivu la jikoni la zamani. Mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Nilikunywa nikiwa nimepiga magoti, nikinusa ule moshi wa nyumbani, na nilimpenda baba yangu wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda.

Halafu nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Kama si hapa, basi yuko makorongo ya mbele, huko kwenye mizinga yake ya mwisho. Huko kuna mtungi mmoja tu, na siku zilivyokwenda utakuwa umekauka. Nikimkuta atakuwa na kiu ya kufa, na sitakuwa na nafasi ya kurudi huku kumchotea. Nilipanda kulichukua dumu, nikayeyusha kipande cha plastiki nikaziba ule ufa kama wanavyofanya mafundi wa sokoni, nikashuka tena. Ufa haukuziba wote, lakini dumu likilazwa lilishika lita kumi hivi. Nikajaza na chupa zangu zote na sufuria lenye mfuniko. Niliukomba mtungi. Yale ya chini yenye mchanga niliyachota kwa kikombe, nikayachuja kwa kitambaa. Sikumwachia hata panya.

Nilipofika juu nikasimama chini ya ngata. Sheria nilikuwa naijua, msije mkasema sikuijua. Niliinua mkono mpaka gome likagusa vidole vyangu. Nikamwona Fidele kwenye benchi lake akisema wewe ndiye wa kwenda kushusha. Nikaona nikiishusha, basi kila nitakachofanya baada ya hapo ni kutafuta maiti. Mkono ukashuka wenyewe. Nikajiambia: nani atapita hapa? Wafuga nyuki wote wamekimbia moto. Na mimi nitarudi, ni siku mbili tu.

Siku hizo mbili sitaki kuzieleza sana. Nilipita makorongo manne. Kila mahali palikuwa na majivu, na miti iliyonusurika ilikuwa inatoa majani mapya mekundu kana kwamba hakuna lililotokea. Vinyuki vidogo visivyouma viliniingia machoni na puani kutafuta jasho. Niliikuta mizinga yake ya mwisho, sita imeungua, minne mizima. Niliukuta na mtungi wa huko, mkavu, jiwe limewekwa kando vizuri, na ngata yake hakuna. Alikuwa amekunywa hapo akayamaliza, na akaishusha. Huyo ndiye baba yangu, mguu mmoja kaburini na bado anafuata utaratibu. Lakini alielekea wapi kutoka hapo? Miamba haishiki nyayo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilianza kwa kumwomba Mungu, nikaishia kumgombeza. Maji nilikunywa kwa vifuniko, mengine nikayatunza ya baba, na dumu likawa linavuja polepole hata hivyo. Petroli ilipobaki ya kunirudisha tu, nikageuza pikipiki. Nililia njia nzima, kwa kuwa hapakuwa na watu.

Nilifika Mwogo asubuhi ya siku ya tano tangu Murungu. Ngata ilikuwa bado inaning'inia. Chini yake, juu ya alama za tairi zangu mwenyewe, kulikuwa na nyayo.

Zilikuwa za katambuga. Mguu mmoja umekanyaga vizuri, ule mchoro wa tairi umejichora wote mavumbini, mguu wa pili umeburutwa, na pembeni vitundu vya fimbo. Zilitoka upande wa mawe, zikafika kwenye ngata, zikasimama. Ilionekana alisimama kitambo, maana alizunguka pale. Upande wa kushoto ni njia ya kwenda barabarani, saa mbili kwa mguu mbovu, na malori ya mkaa hayakosekani huko. Upande wa kulia ni kushuka. Nyayo zilikwenda kulia.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka nikiwa na sufuria kifuani, nikisema, "Nisamehe, nisamehe," bila kujua namwambia nani.

Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu imenyooka, mkono mmoja umo ndani ya mtungi mpaka kwenye kiwiko. Jiwe alikuwa amelifunua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeungua toka kifundo, ameufunga kwa kipande cha shati. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini macho yalikuwa wazi.

"Baba."

"Nani?"

"Akimana."

"Ulisema hutakuja," alisema.

"Nimekuja, Baba."

Nilimtilia maji kwenye kifuniko cha chupa. Cha kwanza kilimmwagikia kidevuni. Cha pili alikimeza, koo likapanda na kushuka kwa shida. Akapata sauti kidogo, na sauti hiyo akaitumia kwa hasira, maana ndivyo tulivyo.

"Kuna mtu ameniua," alisema. "Nilifika juu jana mchana. Nilikuwa naenda zangu barabarani. Nikaona tairi la pikipiki, nikaona ngata ipo. Nikasema, huyu ni mtu mwema, amepita na hakuyamaliza. Nikasema, maji yako karibu, ninywe kwanza, nilale, kesho ndiyo nende." Akapumzika. "Nimetia mkono. Mchanga. Kupanda siwezi. Mtu wa namna gani anakunywa yote na kuiacha ngata?"

Nilimpa kifuniko cha tatu. Hiki hakukimeza. Alikishikilia mdomoni, mashavu yakatulia, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Moshi," alisema.

Akatazama sufuria. Akatazama mtungi. Kisha akanitazama mimi.

"Haya ni yangu."

"Ego, Baba, ni yako."

"Kwa nini hukuishusha?"

"Ningekuwa nimekuzika."

Alifumba macho. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilitaka lile neno lake kali linalonichoma siku tatu, nilikuwa tayari kulibeba maisha yangu yote. Badala yake aliutoa mkono kutoka kwenye mtungi, ukiwa na mchanga kwenye kucha, akauweka juu ya goti langu.

"Oya, hapana, mwananje," alisema. "Ngata ni ya mwenye kiu kwanza. Mimi baadaye."

Nilimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko dumu lililojaa, na hilo lilinitisha kuliko mguu wake. Kupanda kulinichukua karibu saa mbili. Nilikuwa napanda hatua kumi, napumzika, nampa maji, na kila mara aliomba asipewe mengi kwa sababu ya tumbo. Nikamwambia akifika Kasulu nitampa chai ya maziwa mpaka aombe poo. Akasema, "Mm."

Juu nilimkalisha kwenye kivuli cha ule mti nikaanza kupanga jinsi ya kumfunga kwenye pikipiki. Akanigonga mguuni kwa fimbo yake.

"Ishushe."

"Baba, twende kwanza. Nitarudi kuishusha."

"Ishushe, nikiona."

"Siishushi!" Nilimpigia kelele, mgonjwa yule, mzee wa miaka sitini na tisa. "Wewe ni mzima! Unataka nikuzike unanitazama?"

"Kesho Fidele atakuja hapa kututafuta," alisema. "Ataiona. Atashuka." Nilimletea kifuniko cha maji akageuza uso. Nikambembeleza, akafunga mdomo. Alikuwa amebakiwa na nguvu za kitu kimoja tu, na alizitumia kunikatalia.

Basi nikasimama, nikainua mkono, na nikaishusha ngata ya baba yangu mbele ya macho yake. Gome lilikuwa limekauka sana, likavunjika viganjani mwangu. Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akafungua mdomo nikampa maji.

Nilimfunga mgongoni mwangu kwa kanga na kamba za hema la Nadine, kichwa chake kwenye bega langu la kulia, na hema lenyewe nikaliacha hapo chini ya mti. Nikaendesha taratibu kwenye kokoto, halafu kwa kasi nilipoipata njia ya mashamba. Nilikuwa namsemesha muda wote. Nilimwambia mizinga minne imepona. Nilimwambia hata nyuki wanaweza kukaa Kasulu, nyuma ya nyumba kuna miparachichi, nitamtundikia mizinga kumi. Nilimwambia nimekosa. Mwanzoni alikuwa akijibu "Mm," na pumzi yake nilikuwa naisikia shingoni, ya moto. Sijui iliisha wapi. Nimeipita njia ile mara nyingi tangu hapo, nikipunguza mwendo kwenye kila kona, na bado sijui.

Murungu watu walitoka mbio. Fidele ndiye aliyekuja kutufungua. Kamba zilikuwa zimekaza, ikabidi akate kwa kisu, na aliposhika mkono wa kaka yake alimlaza chini kwa upole, akamfunika kwa koti lake. Mimi nilibaki nimekaa juu ya pikipiki.

Baada ya muda akanijia. "Ngata ya Mwogo," aliuliza taratibu, "umeishusha?"

"Nimeishusha."

"Baada?"

"Kabla," nikasema. "Alikuwa ananitazama."

Fidele alishika kichwa kwa mikono miwili. Wanaume wa kwenye benchi wakasimama, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Waliona hilo ndilo baya nililofanya, mtoto kumzika baba akiwa hai. Nikawaacha waamini hivyo siku ile. Sikuwaambia kwamba mkono huu ulikuwa umekwisha kuigusa ngata ile siku tatu nyuma, na kwamba ningeishusha wakati ule, baba angeshika njia ya kushoto, na saa hizi angekuwa amekaa pale kwenye benchi, mguu umefungwa, akinigombeza kwa kumaliza maji yake.